Vidonge vya Moyo na Sukari ya Mama

Mama alipotoka Kilimanjaro kuja kuishi nami Kariakoo, miguu ilikuwa imemvimba na moyo umechoka. Hospitali wakampa vidonge vya moyo, vya kupunguza maji mwilini. Miguu ikanywea, akaanza kupanda ngazi bila kuhema, nami nikamshukuru Mungu. Kisukari alikuwa nacho tangu zamani, lakini kidogo, cha kuangalia chakula tu.

Kila Jumatatu nilichemsha mkojo wake pamoja na dawa ya buluu niliyopewa kliniki ya kupimia sukari. Ukibaki buluu, salama. Wiki ya tatu ukageuka rangi ya tofali: sukari imepanda sana.

Sukari yenyewe miaka ile ilikuwa ya foleni, tena kwa karatasi ya balozi wa nyumba kumi. Yetu niliificha juu ya kabati na haikuwa imepungua hata kijiko. Basi nikajua: anaila kwa jirani wa chini, mama wa Kihindu aliyependa kukaanga vitamutamu. Kila alasiri Mama alishuka kukaa naye, Kiswahili cha kuokoteza pande zote mbili, na vicheko vyao navisikia hadi juu. Kwa hasira zangu, nilishuka, hata shikamoo sikumpa.

"Unaniulia mzazi wangu," nikamwambia.

Tangu siku hiyo Mama hakushuka tena. "Sijala kitu kwake, mwanangu," alisema mara moja tu. Sikumwamini, Mungu anisamehe.

Wiki zikapita, rangi ya tofali haikubadilika. Tukarudi hospitali, daktari akamuuliza anakula nini.

"Ndizi mbili za kupika, mchana. Jioni nimeacha," Mama alijibu, akinitazama mimi. "Nilisema nikikaa na njaa labda huyu ataniamini."

Daktari akaweka kalamu chini. Akatueleza kwamba vidonge vile vya moyo vinaweza kupandisha sukari kwa baadhi ya watu, na akavibadilisha palepale.

Njiani, katikati ya wapita njia wa Msimbazi, nililia, mtu mzima mimi. Mama akanishika mkono kama enzi zile nikiwa mdogo.

"Mimi nimeshakusamehe," alisema. "Twende kwa yule."

Jirani alifungua mlango. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu ya kuomba radhi, lakini hakunisubiri. Alinipita, akamkumbatia Mama.

"Dada," akamwambia, "miezi miwili mimi nakunywa chai peke yangu."