Kadi ya Arobaini na Moja

Peng Shulien hakumchukia Yanting. Alimwonea wivu tu, ule wivu wa kumfanya mtu ashindwe hata kumeza wali. Kwa miaka kumi na tisa pale kiwandani Hsinchu, Taiwan, alichomeka kadi za memori, moja moja, kwenye ubao wenye chipu ya kamera inayozisoma, aone zipi zinapatana nayo. Zikipatana, anazitia saini kwenye orodha ya zilizopita. Sasa Hou Yanting, mtoto wa mwaka jana tu pale kazini, ametengeneza mashine inayojaribu kadi sitini kwa mpigo, na meneja, Bwana Ku, ametangaza kuwa mwezi ujao saini ni ya Yanting.

“Dada Lien, sasa utapumzika,” wenzake walimtania.

“Nani kawaambia nimechoka?”

Juu ya kila mashine pale huwekwa pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, ili mashine itulie na kutii. Ya njano ni nuksi, hilo halina mjadala. Saa ya chakula Shulien akaiondoa pakiti ya Yanting, akaweka ya njano. Mtu mzima na shahada yake! Akarudi kuketi.

Alasiri mashine ilipozijaribu upya kadi za orodha ya zamani, ikawaka taa nyekundu: kadi ya arobaini na moja imekataa. Roho ya Shulien ikaburudika, mpaka Yanting alipomjia na kadi mkononi, akinong’ona.

“Dada, hii uliipitisha wewe mwaka jana. Kadi ikiwa ya baridi inachelewa kuitika, chipu inaikatia tamaa. Labda uliijaribu ikiwa bado na moto wa jaribio lililotangulia?”

Kweli. Ijumaa ile alikuwa na haraka zake. Na kamera zenye chipu hiyo zilishauzwa.

“Umemwambia nani?”

“Usijali, dada. Nitalimaliza.”

Kuhurumiwa na Yanting! Heri angemtukana. Shulien akaona bora ajiangushe kwa mdomo wake mwenyewe. Akazunguka kwanza chooni kunawa uso, kisha akaenda kwa meneja.

“Bwana Ku, ile kadi, kosa ni langu.”

“Acha kumkingia kifua, Dada Lien,” Bwana Ku alicheka. “Yanting katoka hapa sasa hivi. Kasema yeye ndiye aliyenakili vibaya majibu yako. Watu wakweli namna hii unawapata wapi siku hizi?”

Shulien alibaki amesimama mlangoni. Saini alishanyang’anywa. Sasa hata kosa lake mwenyewe limempa Yanting sifa.