Kompyuta Iliyofukizwa Udi

Enzi zetu kompyuta haikuwa kitu cha kuwashwa. Ilikuwa kitu cha kubembelezwa. Vijana wa leo, simu ikikawia kidogo tu, wanaitukana. Sisi tulikaa kwenye jamvi kimya kama tuko chuoni mbele ya ustadhi, tukisubiri mlio mmoja mfupi, "tii", uje au usije.

Ilikuwa nyumbani kwetu Wesha, Pemba. Ami yetu aliyekuwa Maskati aliileta ikiwa imeshatumika, kioo chake kina kichogo kirefu, na sanduku lake la bati lilikuwa jeupe zamani. Ilikuwa ya dada yangu Zuwena. Alikuwa amemaliza skuli, na mjini Chake kulikuwa na ofisi itakayotahini wapiga chapa baada ya vuli. Baba alishamwambia: akiipata kazi, posa iliyokuja kutoka Kojani itasubiri. Asipoipata, ataolewa.

Basi mashine ikaanza vituko. Jua likiwaka, inaitika. Mvua ikinyesha, feni inavuma, taa inawaka, kioo cheusi kama chungu. Kila mtu akaja na dawa yake. Baba alisema umeme wa jenereta ndio uliochoka. Jirani yetu Mzee Haji, mjuzi wa redio, aliipiga kofi la ubavu, na siku moja ikawaka. Wiki nzima akatembea kifua mbele. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuitoroka skuli kwenda bandarini kutazama shehena ikishushwa, lakini kwa mashine ile nilikuwa mwanafunzi mzuri. Ni mimi niliyegundua kwamba ikiota jua inapona. Tukawa tunalitoa sanduku uani, tunaliweka jamvini ubavuni mwa karafuu tulizoanika. Tukigeuza karafuu, tunaligeuza na lenyewe. Wingu likitanda, Mama anapiga kelele, nasi tunakimbilia vyote viwili.

"Ee Bi Mize," wapita njia walimtania Mama, "na hiyo wauza kwa pishi?"

"Ngoja ikauke, ntakupimia!"

Mama naye alikuwa na dawa yake. Kila Alhamisi alasiri nyumba yetu ilifukizwa udi: mapazia, kanga, nguo za Ijumaa, hata sisi wenyewe tulisimama juu ya chetezo huku tunacheka na kukohoa. Kompyuta ilipokuja, ikapewa moshi wa kwanza. Mama aliweka chetezo chini ya meza, pale feni inapovuta pumzi, kisha akaifunika gubigubi kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, harufu isitoke. "Kitu cha heshima hakikai uchi," alikuwa akisema.

Mtihani ulipokaribia, mvua ikashika na jua likapotea. Mama akaifukiza kila siku, huku anaiombea dua. Nayo ikazidi kunyamaza. Zuwena akajifunza hivyo hivyo, vidole vikikimbia juu ya vitufe mbele ya kioo kilichokufa. Nasikia mpaka leo: vitufe ndani, mvua juu ya bati, na Mama anageuza mkate wa kumimina jikoni.

"Umeandika nini, mwanangu?"

"Sijui, Mama. Sikioni."

Siku ya mtihani vidole vilikwenda mbio, lakini makosa yake hakuwa amezoea kuyaona, na yalikuwa mengi. Kazi akapewa mwengine. Kabla ya Ramadhani, Zuwena akaolewa, akavushwa Kojani.

Mimi skuli niliiacha moja kwa moja nikashika njia: Mkoani, kisha Tanga, kisha popote penye kitu nisichokijua. Tanga nililala kwenye duka la fundi wa kompyuta. Asubuhi moja aliletewa mashine yenye maradhi yale yale. Akachomoa kijibao cha memori, meno yake meusi, akachukua raba ya kufutia penseli, akayasugua, akakirudisha. "Tii."

"Hii imetoka nyumba ya pwani," akasema. "Unyevu, na moshi wa udi."

Raba! Ilikuwamo ndani ya mkoba wangu wa skuli vuli ile yote.

Nilirudi Pemba nikiwa nimeyapanga maneno ya kumwambia Mama. Niliingia siku ya Alhamisi, alasiri. Amezeeka, amechutama chini ya meza na chetezo chake, anaifukiza mashine iliyokwisha kufa, na Zuwena keshazaa watoto watatu.

"Waona mwanangu, mie naitunza. Dadako akija, aikute safi."

"Ahsante, Mama," nikasema. Maneno niliyoyapanga sikuyasema mpaka tulipomzika.

Baada ya arubaini nilikaa na Zuwena chumbani, nikamhadithia yote. Nilikuwa na raba mfukoni. Tukafungua parafujo, tukaondoa ubavu wa sanduku, na kabla hatujaona kitu harufu ikatutokea usoni. Udi. Alhamisi zote za Mama zilikuwamo mle, zimeganda kwenye vumbi.

Zuwena akainama, akafumba macho, akaivuta ile harufu.

"Usifute," akasema.

Nikarudisha ubavu, nikakaza parafujo.

Watoto wake wana mashine nyembamba, ukigusa inawaka, mvua au jua. Hakuna anayeita wenziwe waje kusubiri. Nimezinusa mara kadhaa, wananicheka. Hazinuki chochote.