Ishara Fupi Kuliko Zote

Shemeji yangu, mume wa dada, tunamwita Risasi. Si kwa ukali, maana huyo hata mbu humfukuza kwa adabu. Ujana wake wote uliishia kwenye kiwanda cha uchapaji, akipanga herufi za madini ya risasi moja moja mpaka ukurasa wa gazeti utimie. Kompyuta zilipoingia akarudi nyumbani, akawa anachonga mihuri pale barazani. Ndani, dada alikuwa na cherehani yake.

Na dada alikuwa na mdomo, jamani! "Risasi, nitungie uzi! Risasi, njoo uone gauni hili! Risasi, umekula?" Naye kutoka barazani: "Naam! Naam!" Asubuhi moja muhuri ukamharibikia mkononi, akafoka: "Hebu lipumzishe jina langu, mama! Nyumba nzima Risasi, Risasi!" Dada akanyamaza. Kabla ya adhuhuri akaanguka kando ya cherehani. Kiharusi. Alirudi kutoka hospitali bila neno hata moja.

"Huenda anaelewa kila kitu, huenda haelewi," daktari alituambia. "Mtajua wenyewe mkiwa naye."

Risasi hakulala vizuri tena. Aliniambia waziwazi, jikoni, huku sufuria ikiungua: "Shemeji, mimi ndiye niliyemnyamazisha. Kama akili yake ipo, nataka anitukane. Kama haipo, nimeachiwa neno langu lile baya."

"Usijitie uchungu wa bure," nikamwambia. Lakini na mimi nililia.

Dada alibakiwa na mambo matatu tu: kufumba macho, kuinua kidole, na kubana midomo. Kwanza tulimsomea alfabeti, akisikia herufi anayoitaka afumbe. Wee! Kabla hatujafika katikati ya neno, amechoka, amelala. Hapo ndipo Risasi alipolikumbuka kasha lake la herufi kule kiwandani. Herufi hazikupangwa mle kwa kufuata alfabeti. Ile a, ambayo Kiswahili huila kutwa kucha, ilikuwa na chumba kikubwa karibu na mkono. Zile za nadra zilitupwa pembeni, uzinyooshee mkono ukizihitaji.

"Nguvu zake ndizo mkono wangu," akasema. "Anachokisema sana kiwe karibu. Cha nadra kiende mbali."

Basi akakaa na chaki na ubao wa watoto. Herufi za kila mara akazipa ishara mbili, midomo na macho, au kidole mara mbili. Nyingine tatu, nyingine nne. Nikamuuliza kwa nini asizipe zote ishara moja moja, tumalize. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Ishara moja ni ghali, shemeji. Nikisema kufumba macho ni maji, basi hakuna kingine kinachoweza kuanza kwa kufumba macho. Akifumba tu, wewe umeshakimbilia mtungi."

Ndivyo alivyofanya. Kwa mgonjwa, alifikiri, hakuna neno linalohitajika kuliko maji. Kufumba macho mara moja: maji. Vingine vyote vikaanza kwa kidole au midomo. Tukamfundisha dada siku nyingi, ubao ukiwa mbele yake.

Kisha akaanza. Akafumba macho. Risasi akaruka na kikombe. Dada akabana midomo, maji yakamwagika kidevuni. Akafumba tena, akafumbua, akamtazama mumewe. Kikombe tena. Midomo imebanwa. Kutwa nzima ikawa hivyo, anaomba maji na hayataki, mpaka shuka likalowa chapachapa.

Risasi akaweka kikombe chini. "Haelewi," akasema. "Basi. Haelewi."

"Usimzike mzima!" nikamkemea. "Muulize kwa herufi."

Akapiga magoti kitandani. "Mama, unataka nini? Niandikie."

Dada akapumua. Kidole, midomo, kidole. Risasi akatazama ubao: w. Kidole, macho, macho: e. Jasho likamtoka dada. Tena w. Tena e, hiyo kwa shida, kidole kikiinuka kama kinabeba ndoo.

"Wewe," Risasi akasoma. Akainamisha kichwa. "Sawa. Mimi. Nigombeze."

Dada hakuendelea. Alimkazia macho, akayafumba mara moja, akayafumbua. Akangoja.

Nami nikaelewa, nikapiga kelele nyumba nzima: "Shemeji! Si maji! Kufumba ni jina lako! Anakuita wewe!"

Fundi mzima, aliyejua herufi gani humalizika kwanza kwenye kasha! Alihesabu maneno ya wagonjwa wote duniani, akalisahau lile ambalo mkewe alilisema kuliko yote, maana jina lako mwenyewe wewe hulitumii.

"Naam," akaitika. Akamshika mkono. "Naam, mama."

Ilibidi ubao upangwe upya. Maji yamehamia kwenye ishara mbili, na hajafa mtu kwa kiu. Juzi nilikwenda kuwaona, nikamkuta Risasi hana muhuri hata mmoja aliomaliza. Dada alikuwa anafumba macho, anafumba, anafumba.

"Nyumba nzima Risasi, Risasi," nikamtania.

"Nyamaza, shemeji," akasema, "nisije nikapitwa na hata moja. Naam!"