Moshi Juu ya Nyumba Iliyozama

Nabra alikuwa na ugonjwa mmoja ambao kijiji kizima kiliujua: akimaliza kusoma kitabu hatulii mpaka akijibu. Wengine wakimaliza kitabu hukifunika, wakatia maji ya chai jikoni, yamekwisha. Yeye alikijibu mara mbili. Kwanza kwa maneno, uhakiki mrefu aliouandika kwenye simu na kuuweka mtandaoni, ambako Wanubi waliotawanyika Kairo, Aleksandria na ughaibuni walikuwa wakiungojea. Halafu kwa mikono. Alitwaa kipande cha ubao, mkasi na gundi ya unga wa ngano, akamwaga sakafuni takataka zake zote, pakiti za chai, karatasi za sukari, magazeti, vitambaa vya magauni yaliyochakaa, akabandika kipande juu ya kipande mpaka kitabu kikatokea kama alivyokiona yeye. Alikuwa mwalimu wa kuchora, na takataka hizo aliletewa na wanafunzi wake.

Jirani yake Samsam, mwanamke mwenye mdomo wa kuuzia samaki waliooza, alimwambia kila siku kwamba wenzake wakisoma wanapata akili, yeye anapata uchafu. Nabra alicheka tu. Lakini katika uhakiki wake hakuwa na mchezo hata kidogo. Kitabu kibaya alikiita kibaya, hata kama mwandishi ni ndugu. Yuko binamu yake mmoja aliyeandika mashairi, mpaka leo wakikutana sokoni hawaamkiani.

Waliishi katika vijiji vya uhamisho upande wa Kom Ombo, nyumba za serikali zilizopangwa kama sabuni ndani ya katoni. Mto uko mbali, ukitaka kuuona sharti ukodi gari. Vijiji vyenyewe, vile vya kweli, viko chini ya ziwa tangu bwawa lilipojengwa. Mtoto wa juzi tu, muulize, atakuambia nyumba ya babu yake ilielekea wapi na juu ya mlango zilipachikwa sahani ngapi za kaure, kana kwamba alizipachika yeye.

Basi ikaja riwaya. Iliandikwa na binti wa Kinubi aliyezaliwa Aleksandria, na aliiita *Waliobaki na Nyumba*. Alisema hivi: maji yalipopanda na watu wakapakiwa melini, wale watu wa mto, wanaoishi chini ya maji kama sisi tunavyoishi juu yake, walitoka vilindini wakahamia katika nyumba zilizoachwa. Wakafagia nyua. Wakatengeneza paa. Wakala katika sahani zilizokataa kubanduka ukutani. Na wale watoto waliochukuliwa na mto zamani, ambao miili yao haikuonekana, wakarudi kukaa katika nyumba za mama zao, ila mama zao hawakuwamo.

Nabra alipofika hapo alikiweka kitabu magotini. Akajipangusa mikono kama mtu aliyepitiwa na baridi. Habari za watu wa mto alizisikia tangu akiwa mgongoni, ni maneno ya kuwatishia watoto wasicheze ukingoni. Hakujua kama maneno yale yangeweza kusimama namna ile, makubwa, mtu mzima akayaogopa na kuyapenda kwa pamoja.

Na zaidi ya hayo alimwaza mama yake.

Mama yake, Bibi Dahiba, alikuwa na mdogo wake aliyeitwa Shaya. Mwaka mmoja kabla ya uhamisho, watoto wale wawili walishuka mtoni kuosha vyungu. Dahiba alirudi, Shaya hakurudi. Walitafuta, hawakuona hata ukosi wa gauni. Na kwao mtu aliyechukuliwa na mto bila mwili kuonekana haliliwi, wala hatandikiwi mkeka wa matanga, maana yu hai kwa wenyeji wake wapya. Dahiba, mtoto wa miaka kumi, alipotaka kulia, mama yake alimziba mdomo kwa kiganja akamwambia, "Ukimlilia watamrudisha maiti." Basi hakulia. Kila Alhamisi mama yao alipika tambi za maziwa, akazitia tende na sukari, akazimwaga mtoni ili Shaya ale. Kisha meli ikaja ikawachukua wote, wakaletwa huku kusikokuwa na mto. Mama yao alikufa akiuliza nani anampelekea mtoto chakula.

Tangu siku ile ya vyungu mpaka umri wake unapita miaka sabini, Bibi Dahiba hakumlilia Shaya. Jina lenyewe halikutamkwa nyumbani. Nabra alilisikia kwa Samsam.

Kwa hiyo alisita kumsomea riwaya ile. Lakini bibi alikuwa na pua ya paka kwa mambo anayofichwa. Aliuliza kitabu gani hicho kinachomtoa mtu mzima macho, akaambiwa, akasema, "Nisomee." Kilikuwa cha Kiarabu, naye Kiarabu chake kilikuwa cha kuagiza nyanya tu, kwa hiyo Nabra alisoma huku anakigeuza Kinubi, jioni baada ya jioni, uani. Wee! Ungemwona yule bibi. Alisikiliza mdomo wazi kama mtoto. Sura ya nyua kufagiwa aliomba irudiwe mara tatu. Akaanza kumaliza chakula sahanini, akapaka hina mikono, akawa anaimba wimbo chinichini akikunja nguo. Siku moja alimuuliza Nabra, kama jambo la kawaida kabisa, ikiwa kule chini watu wanakua au wanabaki na umri wao. Nabra alijibu kwamba kitabu hakisemi, akaenda jikoni akasimama huko peke yake.

Maana uhakiki alikuwa ameshauandika na picha ameshaibandika, na tabia yake unaijua. Aliandika kwamba tangu aanze kusoma hajapata kukutana na riwaya nzuri kama ile, kwamba zipo kurasa alizozisoma amesimama kwa sababu kukaa kulionekana utovu wa adabu. Kisha akaandika: *Lakini ni uongo. Aliyezama amezama. Tuliwapa nyumba chini ya maji kwa sababu hatukuwa na makaburi yao.* Aliyaamini maneno hayo. Sasa yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Siku zikapita, hakuuweka mtandaoni. Bibi Dahiba akauliza. Kitabu kimekwisha, mbona jibu hajasomewa? Nabra akamkimbilia Samsam.

"Kwani bibi anasoma?" Samsam alisema, akichambua dengu. "Ruka mstari, shoga yangu. Mungu atakusamehe, na simu haitasema."

"Sijawahi kuruka mstari."

"Ndiyo maana binamu yako anakupita kama nguzo ya umeme."

Alirudi nyumbani amekusudia kuruka. Alasiri ile akakaa karibu na mama yake, akafungua simu, akaanza. Alisoma sifa za kitabu, bibi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akafika penye ule mstari. Aliutazama, akamtazama mama yake aliyekuwa na mikono ya hina mapajani, akaona kwamba akiuruka atakuwa amemziba mdomo mwanamke huyu kwa mara ya pili. Akausoma. Aliusoma wote.

Kuku walipita, wakarudi. Nabra alijilaumu moyoni kwamba amemuua mama yake kwa ukaidi wake wa bure.

"Na ile picha uliyobandika," bibi alisema hatimaye, "ilete."

Nabra akauleta ubao. Ilikuwa nyumba ya zamani chini ya maji, maji ya karatasi za sukari za buluu, kuta za mifuko ya saruji, na juu ya mlango sahani alizozikata katika magazeti. Bibi aliusogeza karibu na macho. Alipitisha kidole kuanzia mlangoni, juu ya sahani, mpaka kwenye paa, akasimama.

"Hiki nini?"

"Moshi, Mama." Alikuwa amekata karatasi ya rangi ya fedha ya ndani ya pakiti ya chai.

"Moshi wa wapi?"

"Wa jikoni."

"Nani anapika?"

Nabra akausogelea ubao. Hakuwa amefikiri. Pale juu palikuwa patupu, mkono ukaokota karatasi, ukabandika, akaona picha imekamilika. Sasa aliutazama ule moshi kama umebandikwa na mtu mwingine.

"Mdomo wako unasema mwenzangu kafa," bibi alisema. "Mkono wako umemwashia moto. Nimwamini nani?"

"Sijui, Mama. Wallahi sijui."

Bibi Dahiba akauweka ubao magotini akaufikiria. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayepanga shughuli, anahesabu sufuria.

"Basi tufanye yote mawili," alisema. "Kama amekufa, tumlilie. Kama yu hai, ale."

Kesho yake mkeka wa matanga ukatandikwa uani. Nabra aliona haya kwenda kutangaza. Atasema nani kafa, na lini? Hakuwa na haja. Samsam alishapita nyumba kwa nyumba, na kabla jua halijawa kali wanawake walianza kuingia na mitandio yao myeusi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Walimshika Bibi Dahiba mkono mmoja mmoja, wakamwambia Mungu ampe subira, kama vile mtoto amekufa jana. Hapo bibi akalia. Alilia kilio cha mtoto wa miaka kumi, cha kwikwi na makamasi, hana aibu, na Nabra alikaa nyuma yake amemshika mabega asijue afanye nini kingine.

Kilipopungua, kikongwe mmoja kutoka mwisho wa kijiji akasema kwa sauti ndogo, "Na Kubbara wetu." Ni kaka yake, aliyechukuliwa na mto utotoni. Kisha mwingine akataja jina, na mwingine. Nabra alikuwa amezaliwa na kulelewa katikati ya wanawake hawa, akapika nao, akasutana nao, na majina yale hakuwahi kuyasikia. Uani pale palijaa watoto. Aliogopa hata kunyoosha miguu.

Mchana wakapika tambi, masufuria kwa masufuria, maziwa, sukari na tende. Samsam akaleta gari la shemeji yake, pikapu ya kubebea miwa, akawapandisha wakongwe kwa kuwasukuma makalio na kuwatukana kwa upendo. Nabra alimuuliza mama yake kama ule mstari auondoe kabla hajauweka uhakiki mtandaoni. Bibi alimwambia asiondoe kitu, aweke maneno na moshi vilevile, na sasa ashike bakuli vizuri asimwage.

Mto ulikuwa mpana na kimya. Bibi Dahiba alivua ndala, akaingia mpaka maji yakamfika kwenye vifundo, Nabra amemshika kiwiko. Wengine walibaki nyuma na mabakuli yao, wakingoja aanze yeye.

"Shaya," aliita. Akakohoa, akaita tena. "Shaya, ni mimi Dahiba. Nimezeeka, usiniogope."

Akainamisha bakuli, tambi zikaenda na maji. Nabra, aliyeandika kwamba aliyezama amezama, akajikuta amezuia pumzi, anasikiliza kama ataitika.