Sahani Namba Kumi na Nne

Siku hizi kwenye maabara ya hospitali moja kuna kisanduku cheupe, kikubwa kama kabati la vyombo. Unakitilia choo cha mgonjwa kidogo tu, unabonyeza, unakwenda kunywa chai. Ukirudi kimekwisha kukuandikia jina la mdudu, aina yake, na kama ana sumu au hana. Hakikosei sana. Lakini hakina masikio ya kutaniwa wala mdomo wa kujibu, na waliofanya kazi pale zamani wakipita mlangoni hukitazama kama mtu anavyomtazama mpangaji mpya kwenye nyumba aliyozaliwa.

Zamani kulikuwa na Mama Pua.

Jina alipewa na vijana wa maabara, naye hakulikataa, maana lilitokana na kazi yake. Alikuwa fundi sanifu, miaka ishirini na sita katika chumba kimoja chenye dirisha la kutazama kamba za mashuka. Humo mlikuwa na kabati la joto ambalo mlango wake haukufunga mpaka uegemezwe kigoda, mtungi wa chuma wa kuoteshea vijidudu visivyopenda hewa, hadubini ya jicho moja, na birika la chai. Birika hilo lilikatazwa na sheria, na kila mkaguzi aliyekuja kusoma sheria alinywa kikombe kabla ya kuondoka.

Mdudu aliyempa sifa ana tabia ya mpangaji mvumilivu. Mgonjwa akipewa dawa kali za kuua vijidudu, wale wema wa tumboni hufa pamoja na wabaya. Huyu hubaki. Akiona mtaa umekuwa mtupu, anazaana, anamwaga sumu, na mtu aliyeingia hospitali kwa mguu uliovunjika anaanza kuharisha maji. Kumwotesha kulichukua siku mbili ndani ya ule mtungi. Ulipofunguliwa, sahani zake zilinuka kama zizi la farasi lililonyeshewa. Wengine walisikia uvundo. Mama Pua alisikia jina.

Akaufanya mchezo. Alichukua sahani bila kutazama namba iliyoandikwa chini kwa kalamu ya nta, akaifunua kidogo, akavuta pumzi, akasema "yupo" au "hayupo". Katika miaka yote alikosea mara mbili, na mara moja kati ya hizo alikuwa na mafua. Leo ukinusa sahani hivyo utafukuzwa, na wanaokufukuza watakuwa na haki. Wakati ule watu walikuja kutoka wodi nyingine kutazama.

Nyumbani sifa hiyo haikumsaidia kitu. Alikuwa akiishi na mumewe na dada wa mumewe, mjane, aliyefanya usafi katika wodi ya mifupa ya hospitali hiyohiyo. Wifi mtu huyo alikuwa na ulimi wa kukatia kuni. Kikombe cha Mama Pua alikitenga kwenye rafu yake peke yake, na wageni akawaambia kwamba kaka yake, katika wanawake wote wa dunia hii, amekwenda kuoa mnusa mavi. Mama Pua alijibu kwamba afadhali anayeyanusa na kulipwa cheo kuliko anayeyafagia na kulipwa ufagio. Mume aliposikia wanaanza, alikumbuka kwamba baiskeli yake inahitaji upepo.

Basi mwaka mmoja wodi ya mifupa ikaharibika. Wagonjwa wanane wakaharisha ndani ya wiki tatu, na mmoja, mwalimu mstaafu aliyekuwa akisubiri kuruhusiwa, akafariki. Sahani za wote wanane zilinuka zizi. Metroni, mama mrefu mwenye kutembea kama anayechelewa, akaamuru watumishi wote kumi na tisa wa wodi nao watoe sampuli. Mdudu ana mtu anayempeleka kitanda hadi kitanda, alisema, naye atamjua.

Siku ya kufungua mtungi Metroni alikuja mwenyewe. Mama Pua, kwa vile ana mtazamaji mkubwa, akaucheza mchezo wake. Hayupo, hayupo, hayupo. Ya kumi na nne akaivuta mara mbili, akatabasamu kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani.

"Yupo," akasema.

Metroni akaigeuza sahani, akasoma namba, akapitisha kidole kwenye orodha. Kumi na nne alikuwa mfagizi wa wodi. Alikuwa wifi.

Metroni hakungoja chai. Alimkuta wifi kwenye korido, saa ya kupokezana zamu, ndoo mkononi, akamwambia mbele ya manesi, madereva na watu waliokuja kuona wagonjwa wao kwamba yeye ndiye anayewaharisha wagonjwa na kwamba ameshamuua mmoja. Aende nyumbani, barua ya kumwachisha kazi itamfuata. Wifi aliiweka ndoo chini polepole, isimwagike, akatoka. Alikuwa amebakiza miaka minne apate pensheni, na hakuwa na kingine cha kutazamia.

Mama Pua alipopata habari alikaa kwenye kigoda, na mlango wa kabati la joto ukafunguka wenyewe. Kilichomkera si huruma, maana huruma kwa wifi hakuwa ameianza bado. Kilichomkera ni kwamba amesema nusu ya neno na mwenzie amelichukua kama neno zima. Pua yake ilijua mdudu yupo. Haikujua ni wa ukoo gani. Mdudu huyu ana koo nyingi, na nyingine, sijui kwa bahati au kwa uvivu, hazitengenezi sumu kabisa. Zinakaa tumboni mwa mtu mzima mwenye afya, wala haziharishi hata kuku. Hilo alilijua tangu chuoni, akaliacha limezwe na sifa.

Akaenda kwa Metroni kuomba wiki mbili kabla ya barua. Metroni akatoa siku mbili. Mama Pua akashuka hadi kumi, akisema hata ukwaju hauivi kwa kutishwa. Metroni akasema tatu, na kwamba kila mtu anaelewa anamtetea nani.

"Namtetea nani?" Mama Pua akauliza. "Huyo ananitengea kikombe mwaka wa tisa huu. Ningekuwa mtu wa kisasi ningekusaidia kuipiga mhuri barua yako. Nipe saba, na sahani nitazipeleka kwa mtu asiyejua mambo ya nyumbani kwangu."

Akapata saba.

Mtu huyo alikuwa mzee wa chuo kikuu aliyetunza seli hai za mwili. Alizilisha kila asubuhi kwenye chupa bapa, akazisemesha, na wanafunzi wakamwita Mlezi. Seli hai ndizo zilizokuwa kipimo: ukizidondoshea maji ya sahani yenye sumu, kesho yake unazikuta zimejikunja duara kama watu waliopigwa na baridi. Yasiyo na sumu, unazikuta zimenyooka vilevile. Mlezi alikuwa na seli chache wiki ile, akampa vishimo vinne vya sahani ya kupimia. Mama Pua akahitaji kumi. Walibishana juu ya jambo hilo kuanzia saa mbili hadi chai ya saa nne. Mwishowe alipata kumi kwa ahadi ya kumletea chupa zilizooshwa vizuri mwaka mzima. Vinane vya wagonjwa, kimoja cha namba kumi na nne, kimoja cha maji matupu.

Kisha kukawa na kungoja, na siku ya kungoja ikaangukia Jumapili. Mume alikuwa na baiskeli yake. Wifi wawili wakabaki jikoni wakichambua mchele kwenye sinia moja, si kwa kupenda, ila sinia lilikuwa moja.

Wifi akauliza, bila kuinua macho, kama ni kweli kwamba ana mdudu tumboni. Mama Pua akasema kweli. Akamweleza namna anavyomtafuta: choo cha mtu kina vijidudu elfu na elfu, kwa hiyo kwanza unakichanganya na spiriti. Spiriti inawaua wote. Huyu akiona shari anajifunga kwenye gamba kama mbegu kavu, spiriti inampitia juu, anabaki peke yake, unamwotesha.

Wifi akaacha mchele.

"Kwa hiyo spiriti haimfanyi kitu."

"Haimfanyi kitu."

"Basi mbona wodini mmeondoa sabuni kwenye masinki, mkatuwekea chupa za spiriti mlangoni? Daktari anashika mgonjwa, anajipaka, anashika mwingine. Mimi nikasema mikono huoshwa kwa maji, haipakwi marashi. Nikaambiwa mkaidi."

Mama Pua alikaa na punje za mchele mkononi. Miaka kumi na moja amewafundisha vijana kuwa spiriti ndiyo chujio la kumpata mdudu yule, na miezi miwili amepita mbele ya chupa zile za mlangoni akijipaka mwenyewe. Kile alichokifanya yeye ndani ya chupa, wodi ilikuwa ikikifanya kwenye mikono ya watu: kuua wengine wote na kumbakiza mmoja. Ilibidi aambiwe na mtu wa ndoo.

"Wifi," akasema, "ungesoma wewe, mimi ningekuwa nakubebea sahani."

"Ningekutengea kikombe vilevile," wifi akajibu, akarudi kwenye mchele wake.

Jumatatu Mlezi alimpisha kwenye hadubini yake ya macho mawili. Vishimo vinane vya wagonjwa, seli zote zimejikunja. Cha maji matupu, zimenyooka. Namba kumi na nne, zimenyooka, zimelala upande mmoja kama nyasi zilizopitiwa na upepo. Alitazama mara tatu, kisha akamwomba Mlezi naye atazame na aandike kwa mkono wake, kwa sababu wa kwake ulikuwa na undugu. Mlezi akaongeza la ziada bila kuombwa: alizipima protini za wadudu hao, ambazo hujipanga kama mistari, akakuta wa wale wanane wana mistari ileile, ukoo mmoja, na wa wifi ana mistari yake mbali kabisa. Wagonjwa waliambukizana wao kwa wao, kwa mikono. Ugonjwa haukutoka kwa wifi.

Metroni aliisoma karatasi akiwa amesimama. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka. Sabuni ilirudi kwenye masinki siku hiyohiyo, na hilo ndilo lililoikausha wodi. Kwa wifi akatuma neno kwamba arudi kazini, yaliyopita yamepita.

Wifi akakataa. Mama Pua ndiye aliyekuwa mjumbe, na mjumbe hauawi, lakini alichoka miguu. Metroni alijitolea kuomba radhi ofisini. Wifi akasema hakufukuzwa ofisini. Metroni akajitolea kuandika barua nzuri yenye mhuri. Wifi akasema wale walioshuhudia akiitwa muuaji hawatakuja nyumbani kuisoma. Iwe koridoni. Metroni akakubali koridoni, mradi watu wasiitwe. Wifi akasema hana haja ya kuita mtu, yeye anachagua saa tu, na saa aliyoichagua ilikuwa ya kupokezana zamu.

Kwa hiyo ikasemwa pale, manesi wa zamu mbili wakiwa wamejaa. Metroni alisema alimhukumu mtu kabla ya kipimo kwisha, na kwamba anaomba radhi. Hakurembesha, na ilimgharimu. Kisha Mama Pua, ambaye hakuombwa na mtu, akasema kwamba yeye ndiye aliyeanza, kwa kutangaza kitu ambacho pua haiwezi kukijua, na kwamba mchezo wa sahani umekwisha leo. Hakuucheza tena mpaka alipostaafu. Vijana waliokuja baadaye walisikia habari zake tu.

Wifi aliwasikiliza wote wawili. Akasema amesikia. Akamwomba Metroni asogee kidogo, maana pale aliposimama hapajapigwa deki wiki nzima.

Jioni wakarudi nyumbani kwa miguu, pamoja, kwa mara ya kwanza tangu waanze kufanya kazi hospitali moja. Walibishana njia nzima ni nani aliyeirudisha sabuni, mwenye kipimo au mwenye swali. Sasa wote ni wazee, mume alishatangulia, nao wanakaa nyumba ileile, na jambo hilo bado hawajalimaliza.