Ndama wa Siku ya Kufunga Shule

Sisi tuliosoma sekondari enzi za matranka ya bati na magodoro ya sufi, mwaka wetu haukuishia kwenye kalenda. Uliishia siku ya kufunga shule, pale mkuu alipokunja karatasi ya hotuba, akavua miwani na kusema, "Haya, nendeni salama, mkawasalimie wazazi." Kilichofuata baada ya hapo, Krismasi na yote, kwetu kilikuwa nyongeza tu.

Wiki ile ilikuwa na utaratibu wake. Kwanza mitihani. Kisha vitabu vilirudishwa stoo, na aliyepoteza jalada alianza kutembea kwa adabu mapema. Kisha usafi: tulifyeka nyasi, tukadeki bwalo, tukapaka chokaa mawe yote ya njia ya ofisini. Kwa kawaida mvua za vuli zilisubiri tumalize kupaka, ndipo zinyeshe. Asubuhi mawe yalikuwa mekundu tena kwa udongo wa Karatu, nasi tukaanza upya. Hadi leo nikisikia harufu ya chokaa mbichi nasikia pia kwaya ikifanya mazoezi bwaloni, sauti ya tatu ikipotea kila siku mahali palepale.

Zaidi ya yote tulisubiri pilau. Mwaka mzima tulikula makande na ugali kwa maharage, na katika maharage yale tulijifunza kula bila kuangalia sana. Siku ya kufunga shule dume moja la ng'ombe wa shule lilichinjwa, na tangu alfajiri harufu ya vitunguu vya Mang'ola ilizunguka madarasani. Vijana wa leo wana chipsi mayai kila kona ya mji, tena huacha nusu sahanini. Sisi tulilamba hata mwiko.

Wazazi walikuja na mavazi yao ya kanisani. Mama yangu alitoka Endabash kwa miguu pamoja na majirani, viatu akavibeba mkononi hadi getini, ndipo akavivaa. Kila mwaka alinitumia onyo lilelile mapema: "Nikikukuta na nywele ndefu, nitakaa na wazazi wa wenzako, nijifanye sikujui." Nilinyoa.

Matokeo yalisomwa kwa sauti mbele ya watu wote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Leo wangesema ni ukatili, na sitabishana nao. Lakini namkumbuka mzee mmoja wa kijiji cha Daa ambaye mwanawe alitajwa wa mwisho kabisa. Mzee akasimama, akapiga makofi peke yake, akasema, "Bila huyu, mngejuaje kwamba mmemaliza kusoma?" Watu walicheka mpaka mkuu akaomba utulivu, na kijana yule akaenda kukaa karibu na baba yake, kichwa juu.

Zawadi zilikuwa vitu vya kushika: madaftari, kalamu ya wino, beseni, sufuria. Mwanafunzi bora wa kilimo alipata jembe. Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka, isipokuwa mwaka tulipomaliza kidato cha tatu.

Mwaka huo rafiki yangu Kisioki alikuwa na uhakika kwamba harudi tena shuleni. Yeye alitoka upande wa Endulen, kwa wafugaji wa Ngorongoro, na alilala kitanda cha juu yangu. Alikuwa kijana mpole, mzuri wa hesabu, na ndiye aliyesimamia ng'ombe wa shule. Siku ya mnada wa Karatu mtu wa kwao alimletea salamu za baba yake: kaka yake mkubwa ameondoka kwenda Dar es Salaam kufanya kazi ya ulinzi, ng'ombe hawana mtu, shule ikifunga baba atakuja mwenyewe kuzungumza na mkuu, Kisioki afunge tranka lake moja kwa moja.

"Umebakiza mwaka mmoja tu," nilimwambia.

"Ng'ombe hawajui kidato cha nne," akasema, akageukia ukuta.

Siku yenyewe ilipofika, baba yake, Mzee Lekishon, alikuwepo mapema kuliko wazazi wa hapa jirani. Alikuwa mrefu, amejifunga shuka jekundu lililopauka, ana fimbo na kibuyu cha maziwa. Hakukaa kwenye benchi. Alisimama nyuma ya turubai pamoja na wenzake wachache wa kwao, wakaegemea fimbo zao, wakatazama kwaya bila kutingisha hata kidole.

Mkuu wetu alikuwa Mwalimu Sanga, mtu wa Njombe, wa tai na saa. Hakuna kilichomsumbua kama ratiba kuchelewa. Mwaka ule malisho ya shule yalikuwa yamepungua, na bodi ilikubali ng'ombe wapunguzwe. Kwa hiyo waliamua, bila kutuambia wanafunzi, kwamba zawadi ya kilimo iwe ndama jike aliyekwisha kuachishwa maziwa. Mimi peke yangu niliambiwa, asubuhi ile, nimlete kutoka nyuma ya jiko nitakaposikia jina la Kisioki.

Nilisikia, nikamvuta. Alikuwa mweupe mwenye madoa mekundu shingoni, na hakuwahi kuona watu wengi kiasi kile. Tulipofika mbele ya meza ya mgeni rasmi alisimama, akainua mkia, akaacha mzigo wake pale.

"Naye amehutubia!" akapiga kelele mmoja wa kidato cha pili.

Mkuu alingoja kicheko kipungue. "Zawadi hii ni ya Kisioki," akasema. "Akitaka amfuge. Akitaka amuuze, anunue baiskeli."

Pale nyuma, wazee wa Kimasai waliacha kunong'onezana. Mzee Lekishon akaja mbele polepole, akiwapita watu kwenye mabenchi, hadi akasimama kati yangu na Mkuu. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, kifupi na kilichonyooka.

"Mwalimu, huyu ng'ombe anatoka kwa nani?"

"Anatoka kwa shule, mzee wangu."

"Shule ni nani?"

"Shule ni sisi sote. Kuna serikali, kuna bodi, kuna walimu..."

"Hao hawana mkono. Nani ananipa?"

Mkuu alitazama saa. Kwaya ilikuwa imeshapanga mistari. "Basi mimi nakupa, mzee. Pokea." Akachukua kamba mkononi mwangu akaiweka mkononi mwa Mzee Lekishon. Mzee akaishika kamba pamoja na mkono wa Mkuu, hakuuachia.

"Paashe," akasema.

Mkuu aliinamisha kichwa kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa asante, na kwaya ikaanza.

Kisioki alikuwa amesimama kando yangu. Uso wake ulikuwa umebadilika. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kwao, mtu akikupa ndama jike, hamwitani tena kwa majina. Wewe unamwita Paashe, naye anakuita Paashe, mpaka kufa. Wala si jina tu. Mtu huyo humnyimi, humfanyii jambo la kumwumiza, na mkikutana unamwulizia yule ndama kabla ya kumwulizia watoto wake.

"Kwa hiyo utarudi?" nikauliza.

"Sijui. Amepata rafiki, lakini mchungaji bado hana."

Pilau ya siku hiyo sikumbuki ladha yake, na hilo linasema mengi. Baada ya kula, mvua ikaanza. Mzee Lekishon na Kisioki waliingia ofisini. Mimi nilibaki barazani nimeshika ndama, mlango ukiwa wazi, na Mama akaja kujikinga mvua kando yangu.

"Mzee, niliambiwa una jambo kuhusu kijana," Mkuu akaanza.

"Nilikuwa nalo."

"Lipi?"

"Lilikuwa la kumwambia mwalimu. Wewe sasa si mwalimu."

Mkuu akamtazama Kisioki, na Kisioki akaeleza kila kitu, taratibu, kama alivyonieleza mimi. Nilimwona Mkuu anavua saa na kuiweka mezani, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Na mimi namwitaje?"

"Paashe."

"Haya, Paashe," Mkuu akasema, kwa lafudhi yake ya Njombe. "Nyumbani kuna shida gani?"

Mzee akasema. Mwanawe mkubwa yuko mjini analinda nyumba za watu wengine, na ng'ombe wa baba yake hawana wa kuwalinda. Alikuja kumchukua huyu mdogo. "Lakini nikimchukua leo, nimeondoka na ng'ombe wako na mtoto pia. Mtu hafanyi hivyo kwa Paashe."

Waliokuwa wanaingia kidato cha nne walitakiwa kubaki shuleni sehemu ya likizo kwa masomo ya ziada. Mkuu hakuwahi kumruhusu mtu yeyote akose, hata mtoto wa mjumbe wa bodi. Siku ile alisema, "Mchukue likizo yote. Na Juni mchukue tena, likizo yote. Lakini Januari nirudishie."

"Januari." Mzee alilipima neno lile. "Nitamwomba kaka yangu kijana mmoja wa kuchunga. Ataniuliza kwa nini wa kwangu hachungi. Nitamwambia nina Paashe shuleni."

Walipotoka, mzee alinitazama nilivyoshika kamba. "Huyu ni wa nani?"

"Ni Tluway wa Endabash, rafiki yangu," Kisioki akasema. Niliinamisha kichwa kumsalimu, kama Kisioki alivyonifundisha, na mzee akakigusa kwa kiganja.

"Mmbulu ameshika ng'ombe wetu na hakukimbia naye!" akasema mzee, akicheka, kwa utani wa zamani wa wizi wa ng'ombe kati ya Wamasai na sisi Wambulu.

Mama hakungoja. "Baba, waliokuwa wanakimbia nao ni nyinyi. Sisi tulikuwa tunafuata nyayo."

Mzee Lekishon alicheka mpaka akaegemea nguzo ya baraza, akamkaribisha Mama maziwa ya kibuyu. Mama alikunywa, akafuta mdomo kwa ncha ya khanga, akasema yamekolea moshi vizuri.

Januari ilifika, shule ikafunguliwa, na Kisioki hakuwepo. Kitanda cha juu yangu kilibaki mbao tupu. Wakati wa mstari wa asubuhi nilikuwa natazama geti badala ya bendera, na nilimwona Mkuu naye akitazama. Wiki ilikaribia kuisha. Nilianza kujiambia kwamba maneno ya siku ya sherehe ni maneno ya siku ya sherehe, na kwamba huko Endulen kaka wa mzee alikuwa amekataa.

Kisha mchana mmoja lori lilisimama barabarani na Kisioki akashuka, tranka kichwani, vumbi hadi kwenye kope. Barabara ilikuwa imeharibiwa na mvua. Mkononi alikuwa na kibuyu cha samli ya kumpa Mkuu. Tulijua adhabu ya kuchelewa, tukasimama kwa mbali kuona. Mkuu alitoka ofisini, akashuka ngazi. Hakuuliza habari ya barabara, wala alikuwa wapi.

"Ndama hajambo?" akauliza.

"Hajambo, Mwalimu," Kisioki akasema, na hapo ndipo alipotua tranka.

Mwaka huo alimaliza. Leo ni bwana mifugo huko Loliondo, na mapema mwezi huu alikuja Karatu kwa sababu binti yake anasoma darasa moja na binti yangu. Tulikaa pamoja kwenye sherehe yao ya kufunga mwaka. Kulikuwa na mshereheshaji na spika kubwa, keki yenye nembo ya shule, medali zinazong'aa. Vijana walicheza mitindo waliyoitoa kwenye simu, na walicheza vizuri kuliko sisi tulivyowahi, ingawa sikuona hata mmoja aliyeruka juu kama vijana wa kina Kisioki. Matokeo hayakusomwa, kila mzazi alitumiwa ujumbe wake. Hakuna aliyeaibika, na mzee wa Daa asingepata nafasi ya kusimama.

Binti yangu alipata cheti cha biolojia. Mkuu wake alimkabidhi huku wote wawili wamegeukia kamera, kila mmoja ameshika ncha yake, wakitabasamu kwa mpiga picha. Mkuu huyo ni mama mwema na mchapakazi, nasema hivyo kwa dhati. Ana wanafunzi wengi na muda mchache, na picha lazima zitoke. Binti naye alifurahi, nami nilifurahi kwa ajili yake.

Jioni, tukinywa chai kwangu, Kisioki alipiga simu Njombe. Mwalimu Sanga sasa ni mzee sana, na sauti yake ilichukua muda kufika. Kisioki aliweka simu mezani ili nami nisikie. Tulisikia kikohozi, kisha pumzi, kisha swali.

"Ndama hajambo?"

Ndama yule alikufa kabla mabinti zetu hawajazaliwa. Waliopo ni wajukuu wa wajukuu zake. Mzee Lekishon naye tulimzika, na tangu hapo Kisioki ndiye anayeitwa na kuita kwa jina lile.

"Hajambo, Paashe," akasema. "Amezaa tena."

"Ndama gani, Baba?" binti yangu aliniuliza. Nilimwambia asubiri wazee wamalize kuongea, nitamweleza. Cheti chake kilikuwa palepale mezani karibu na birika, ndani ya plastiki, kimeandikwa vizuri, jina halina kosa. Nilikitazama muda mrefu. Nitamtafutia fremu nzuri, kwa kuwa amekitolea jasho. Sijui tu, akifika umri wetu, kama kutakuwa na mtu atakayempigia simu kumwuliza kama hakijambo.