Nafasi ya Kaka Yangu

Kaka yangu alikuwa mchezaji bora kuliko mimi, na hilo kijiji chetu kizima cha Dutwa kililijua. Alikuwa na mguu wa kushoto mzito na mabega mapana, akishika mpira hata mabeki wa timu ya ushirika walimpisha. Mimi nilikuwa na mbio tu.

Ilikuwa miaka ile ushirika ulipoacha kuwa mnunuzi pekee wa pamba. Kampuni binafsi ziliingia na malori yao, kila moja ikitaka kupendwa na wakulima. Moja ilifungua kiwanda cha kuchambua pamba Bariadi, ikaamua kuwa na timu ya mpira. Mtu wao alikuja kutazama mechi yetu, akamwona kaka, akamwambia lori litampitia Jumatatu akajaribiwe.

Jumamosi mkokoteni wa ng'ombe ulipinduka, ukamvunja baba nyonga. Mama alikuwa amekwisha kufariki. Baba alikuwa mtu wa mwili mkubwa, na nyumbani kwetu ni kaka peke yake aliyeweza kumwinua na kumgeuza. Mimi nilijaribu, baba akapiga yowe, nikamrudisha kitandani.

Lori lilipofika, kaka alikuwa anamwogesha. Alitoka mikono ikichuruzika maji, akanipa viatu vyake vya mpira.

"Panda wewe."

Nilimwambia aliyetakiwa ni yeye.

"Wanatafuta mchezaji. Usiwacheleweshe watu."

Viatu vilinipwaya, nikavijaza pamba mbele. Yule mtu wa kampuni nilimweleza ukweli, kwamba mimi ni mdogo wake. Akaguna, akasema nikishindwa nitarudi kwa miguu.

Sikushindwa. Nikawa winga wa kulia. Asubuhi nilifunga marobota ya pamba kiwandani, jioni nilifanya mazoezi. Tulicheza Maswa, Shinyanga, mpaka Mwanza. Pale Nyalikungu, Maswa, mama mmoja mkulima aliniletea jogoo uwanjani kwa sababu ya bao nililofunga, nami nikampokea huku nikiona aibu, kama mtu aliyepewa zawadi ya mwenzake. Watu walikuwa wakiniita kwa furaha kila nilikopita. Usingizi ndio ulikuwa shida.

Nilipoenda nyumbani kusalimia, nilivua jezi ndani ya basi na kuvaa shati kabla ya kushuka. Kaka alinipokea vizuri siku zote. Tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akaniuliza afya na safari. Habari za mpira hakuuliza, nami sikuanza.

Mara moja tu alinitazama nikicheza. Alikuwa amemleta baba hospitali Bariadi, akapita uwanjani. Nilimwona nyuma ya kamba, kashika fimbo ya baba mkononi. Mpira uliofuata ulinipita katikati ya miguu, na uliofuata huo pia. Kocha alinitoa. Nilipogeuka kumtafuta, kaka hakuwepo.

Baba alifariki mikononi mwa kaka. Mimi nilikuwa Shinyanga kwenye mechi, nikafika wamekwisha kuzika.

Mwaka uliofuata goti liliniharibikia. Kiwanda nacho kilikuwa kimeuzwa, mmiliki mpya hakuwa na haja na mpira, timu ikafa. Nilirudi Dutwa nikichechemea, kaka akanigawia sehemu ya shamba bila kuuliza nitakaa mpaka lini.

Siku moja tukichuma pamba nilishindwa kunyamaza. Nilimwambia nafasi ile ilikuwa yake, na kwamba tangu nilipopanda lile lori sijawahi kushangilia bao kwa moyo wote. Nilitegemea atasema ni mipango ya Mungu. Yeye aliendelea kuchuma mpaka mwisho wa mstari, ndipo akageuka.

"Nilitaka kwenda," alisema. "Nisikudanganye. Nilitaka sana. Ulipokuwa ukija, ukishaondoka nilikuwa naenda kukaa zizini mpaka moyo utulie."

Nilimwomba anisamehe. Akasema hakuna cha kusamehe, kwani baba angeinuliwa na nani?

"Ila hukunisimulia hata mechi moja," alisema. "Hilo ndilo liliniuma. Ulikuwa unaniogopa kama mtu anayeogopa kumwambia mgonjwa ugonjwa wake."

Miaka yote nilidhani namtunzia heshima, kumbe nilikuwa nimemfungia mlango. Kaka aliweka mfuko wake chini, akaukalia, akataka nimweleze ile ya Mwanza, mechi ambayo watu wa Dutwa bado waliizungumzia.

Nilianza. Akauliza majani ya uwanja yalikuwaje, beki wa kushoto alikuwa mrefu kiasi gani, nilimpita upande upi. Nilipofika kwenye bao nikasema ilikuwa bahati tu, kipa aliteleza.

"Usipunguze," alisema kaka. "Simulia kama ilivyokuwa."

Basi nikamsimulia kama ilivyokuwa. Jua likatupanda kichwani, pamba ikabaki kwenye miti.